Kasese na Bwera: Nani hukagua bodaboda iliyotengenezewa nyumbani?

Magharibi mwa Uganda, matengenezo mengi ya pikipiki hufanyika uani, kwa spana chache na mwanga wa simu. Ujuzi huo unazilisha familia nyingi, lakini una mpaka wake, na gharama ya kuuvuka mara nyingi humwangukia abiria asiyejua lolote.

Barabara inayotoka mjini Kasese kuelekea mpaka wa Mpondwe ina urefu wa zaidi ya kilomita 50. Inashuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha inakata magharibi ikipitia ardhi ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, Kinyamaseke na Kisinga hadi Bwera. Kulia kuna vilima vya Rwenzori. Kushoto kuna nyika inayoelekea Ziwa Edward. Pikipiki inayozimika hapo jioni si usumbufu mdogo. Wanyamapori huvuka barabara, na tangu mashambulizi ya waasi wa ADF ya mwaka 2023, likiwemo lile la shule ya Lhubiriha lililoua zaidi ya watu 40, hakuna anayependa kukutwa na giza njiani karibu na mpaka.

Ndiyo maana pikipiki hukaguliwa nyumbani. Alfajiri, au usiku baada ya kazi, mwenye pikipiki huisimamisha chini ya mti, akafungua plagi na kuipangusa, akakaza mnyororo, akaongeza oili. Hakuna risiti wala kumbukumbu, na hakuna mtu wa pili anayetazama kama kazi imefanyika ipasavyo. Saa moja baadaye chombo hicho hicho kinambeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Kagando, wanafunzi wawili kwenda shule, au gunia la kahawa kwenda sokoni.

Swali basi si kama matengenezo ya nyumbani yaendelee, kwani yataendelea. Swali ni yanafaa kuishia wapi, na nani wa kuonyesha mpaka huo.

Kwa nini kazi imehamia uani

Sababu ya kwanza ni hesabu. Pikipiki nyingi za biashara katika eneo hili zinatoka India, Bajaj Boxer na TVS zikiwa miongoni mwa zinazoonekana zaidi, na wengi wanaoziendesha si wamiliki kamili. Wapo wanaolipa mkopo kila wiki, na wapo wanaompelekea mwenye chombo kiasi walichokubaliana kila jioni. Katika mipango yote miwili, siku ambayo pikipiki inalala gereji inadai malipo sawa na siku nyingine yoyote. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipopita shilingi 6,000 za Uganda kwa lita, haikuwa vigumu kukisia ni matumizi gani yangepunguzwa kwanza. Mafuta hayawezi kuahirishwa, lakini fundi anaweza.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Kyarumba, Kyondo na Ihandiro ziko milimani, ambako kahawa ya arabika hulimwa na kushushwa kwa njia nyembamba ambazo gari halizimudu. Kuteremka hadi gereji ya mjini kwa ajili ya kukaza nati moja ni safari inayogharimu zaidi ya kazi yenyewe.

Sababu ya tatu ni kwamba mashine inakubali. Injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, yenye kabureta na kiki ya kuwashia, inaweza kufunguliwa na mtu mwenye spana kadhaa na subira. Bodaboda ilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ikiwa ni baiskeli ya kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Baiskeli ikawa pikipiki, lakini desturi ya mwenye chombo kuwa fundi wake wa kwanza haikubadilika.

Kazi ambazo mikono ya nyumbani inaziweza

Si haki kuyatazama matengenezo haya kama ubabaishaji. Kazi kadhaa muhimu zinaweza kufanywa nyumbani vizuri kama gerejini, na pengine vizuri zaidi, kwa sababu anayezifanya anaijua sauti ya chombo chake.

Ya kwanza ni kubadilisha oili. Injini ndogo za aina hii hubeba takriban lita moja tu, na oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi. Anayeendesha kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 3,000 katika siku 30 za kazi, kwa hiyo oili yake huchoka haraka kuliko anavyodhani. Kosa la kawaida ni kuongeza badala ya kubadilisha: oili mpya inamiminwa juu ya ile iliyokwisha nguvu, kipimo kinaonyesha kwamba imejaa, na moyo unatulia bure. Dalili nyingine inafaa kujulikana hasa Kasese, mji uliokumbwa na mafuriko ya mto Nyamwamba Mei 2013 na tena Mei 2020. Pikipiki iliyozama majini na oili yake ikageuka kuwa na rangi ya maziwa haipaswi kuwashwa. Maji yameingia, na oili yote imwagwe kwanza.

Ya pili ni kuisoma plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili njema. Ncha nyeusi yenye masizi ina maana kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, na nyeupe ina maana kwamba injini inapata joto kupita kiasi. Hapa mlima una neno lake. Mji wa Kasese uko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali mashamba ya kahawa hufika karibu mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa tambarare itatia petroli nyingi mno. Anayenunua plagi mpya kila mwezi huenda hana plagi mbovu. Ana kabureta isiyojua kuwa imepanda mlima.

Ya tatu ni kichujio cha hewa. Kwenye barabara za vumbi huziba upesi, pikipiki ikapoteza nguvu, na wengine hukiondoa kabisa. Nguvu hurudi kwa muda. Kisha vumbi linaingia ndani ya silinda, ringi za pistoni zinalika, na moshi wa rangi ya samawati unaanza kutoka nyuma. Dakika kumi za kukisafisha zingeokoa gharama ya kufungua injini nzima.

Ya nne ni mnyororo. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii unatakiwa kucheza kwa sentimita mbili hadi tatu katikati, si kukazwa kama waya. Wengi huupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini. Inalainisha kweli, lakini pia inakamata mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili husaga meno ya sproketi.

Kazi hizi nne zina sifa moja: zikikosewa, kosa hujitangaza. Injini hugoma, moshi hutoka, mnyororo hupiga kelele, na anayeumia kwanza ni mfuko wa mwenye pikipiki. Mnyororo pekee unasimama mguu mmoja upande wa pili, kwani uliochakaa ukikatika kwenye mwendo unaweza kulifunga gurudumu la nyuma.

Nati inayoficha hatari

Upande wa pili kuna breki. Pikipiki nyingi za bei nafuu zinatumia breki za ngoma: pedi mbili zilizomo ndani ya gurudumu hutanuka na kubana ukuta wa ngoma mguu unapokanyaga. Pedi zikilika, kanyagio hushuka zaidi. Mwenye pikipiki huzungusha nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, na kanyagio linarudi juu. Breki inakamata tena, na kazi inaonekana imekwisha.

Lakini nati haijaongeza pedi. Imeondoa dalili tu. Kila inapokazwa, pedi inazidi kuwa nyembamba bila kuonekana, mpaka siku uzi wa fimbo unapofika mwisho. Hata hapo ipo njia ya kuendelea: mkono wa breki unachomolewa, unazungushwa meno kadhaa na kurudishwa, na nati inapata nafasi mpya ya kukazwa. Ni ufundi wa kweli unaohitaji akili, na kwa ajili hiyo hiyo ni wa hatari zaidi. Breki iliyorekebishwa namna hiyo inaweza kufanya kazi vizuri tambarare kwa wiki kadhaa, kisha ikashindwa kwenye mteremko mmoja mrefu, ikiwa na abiria wawili na mzigo.

Desturi nyingine ya milimani inaongeza hatari hiyo. Ili kuokoa petroli, baadhi ya waendeshaji huzima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe. Injini iliyo kwenye gia ndogo husaidia kushika mwendo. Ikizimwa na gia ikawa huru, uzito wote unaangukia breki, ngoma inapata joto, na pedi zilizokwisha hazina cha kushika.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo kiini cha suala lote. Hitilafu ya injini hujitangaza na kumgharimu mmiliki. Hitilafu ya breki, ya tairi lililokwisha au ya beringi ya usukani hujificha, kisha humgharimu mtu aliyepanda nyuma. Mmiliki amekubali hatari ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Abiria hakuulizwa.

Serikali inaiona namba, haioni breki

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka ya polisi ya Uganda, watu 5,144 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2024, wengi wao wakiwa waendeshaji na abiria wa pikipiki au watembea kwa miguu. Ripoti za aina hiyo huweka mbele makosa ya kibinadamu, kama vile mwendo wa kasi na uzembe, na bila shaka hayo yapo. Hata hivyo, pikipiki iliyoshindwa kusimama huonekana, kwa anayefika baadaye, kama pikipiki iliyokuwa ikienda kasi. Bila mtu wa kufungua gurudumu na kutazama pedi, ubovu wa chombo unaweza kuandikwa kuwa uzembe wa mtu, na chanzo chake kikabaki pale pale.

Mjadala wa kitaifa kuhusu bodaboda umejikita katika leseni, kofia ngumu na utambulisho. Baada ya watu wenye silaha waliokuwa kwenye pikipiki kumshambulia Jenerali Katumba Wamala jijini Kampala Juni 2021, serikali iliharakisha mpango wa namba za kidijitali za magari na pikipiki kupitia mkataba na kampuni ya Urusi. Wakati huo huo, mpango wa ukaguzi wa lazima wa ubora wa magari uliokuwa umekabidhiwa kampuni binafsi ulisitishwa mwaka 2017 baada ya kupingwa bungeni. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, picha inajitokeza: dola inataka kujua pikipiki ni ya nani na imepita wapi, lakini haijapata njia ya kujua kama inaweza kusimama.

Wapo watakaosema dawa ni kuyapiga marufuku matengenezo ya nyumbani na kumlazimisha kila mtu aende gereji. Hoja hiyo haizingatii mambo mawili. Gereji zenyewe ziko mbali na vijiji vinavyozihitaji zaidi. Na fundi wa gereji ya kando ya barabara, mara nyingi, alijifunza kama mwenye pikipiki alivyojifunza, yaani kwa kumtazama mwingine. Amri ingehamisha malipo kutoka mfuko mmoja hadi mwingine bila kuigusa pedi ya breki.

Herufi kwenye kopo

Kikwazo kingine hakitajwi sana, nacho ni lugha. Kitabu cha maelekezo kinachokuja na pikipiki mpya kwa kawaida ni cha Kiingereza, kikifika kabisa, kwa maana pikipiki iliyouzwa mara ya pili au ya tatu huwa imeshaachana nacho. Huko Bwera, watu huzungumza Lhukonzo nyumbani na Kiswahili sokoni. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi nchini Kongo, Kiswahili kile kile kimebeba vipuri vya Kifaransa, na plagi huombwa dukani kwa jina lililotokana na neno bougie. Ujuzi unavuka mpaka kila siku, lakini unavuka kwa mdomo, na maneno ya mdomo hupoteza vipimo njiani. Kinachobaki ni "kaza kidogo" au "ongeza kiasi". Sentimita mbili hadi tatu za mnyororo hazifiki.

Mfano mzuri uko kwenye kopo la oili. Makopo ya oili ya pikipiki yenye ubora huandikwa herufi JASO MA. Hicho ni kiwango cha Kijapani kinachoonyesha kwamba oili inafaa kwa klachi inayofanya kazi ikiwa imeloa. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, na zikimiminwa kwenye pikipiki klachi huanza kuteleza. Mwenye pikipiki hununua pedi mpya za klachi, zinateleza tena, na analaumu spea bandia. Spea bandia zipo kweli, na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limekuwa likipambana na bidhaa za aina hiyo. Lakini safari hii kosa lilikuwa herufi sita ambazo hakuna aliyemweleza.

Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mwezi ule ule ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu Kiswahili bungeni na shuleni. Karatasi moja ya Kiswahili na Lhukonzo, yenye michoro ya nati ya breki, mnyororo na kopo la oili, iliyobandikwa kwenye kila duka la spea kutoka Hima hadi Mpondwe, ingekuwa uthibitisho mdogo lakini wa dhahiri kwamba lugha rasmi ina kazi.

Oili inakwenda wapi

Kila oili inayobadilishwa uani inaacha lita moja ya oili chafu. Sehemu yake hupakwa minyororo au mbao, na nyingine humwagwa chini. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hukadiria kwamba galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Mto Nyamwamba unaelekea Ziwa George na Lhubiriha unaelekea Ziwa Edward, na maziwa yote mawili yanategemewa na wavuvi. Madumu machache ya kukusanyia kwenye vituo vya mafuta yangetosha kuanzia. Tatizo hili halihitaji teknolojia, linahitaji mtu wa kulisimamia.

Umeme utabadilisha nini?

Pikipiki za umeme zimeanza kuzoeleka Kampala, ambako dereva hubadilisha betri badala ya kununua petroli. Kasese, wilaya yenye vituo kadhaa vya umeme wa maji, kikiwemo cha Bugoye chenye uwezo wa megawati 13, ina sababu ya kuzingojea. Zikifika, kazi tatu za uani zitatoweka, kwani injini ya umeme haina oili ya kubadilisha, plagi wala kichujio cha hewa.

Lakini zitakazotoweka ni zile ambazo mikono ya nyumbani iliziweza. Betri na kifaa kinachoendesha mota vimefungwa na hufunguliwa na kampuni pekee. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuimarisha haki ya mnunuzi kupata matengenezo ya bidhaa alizonunua. Afrika Mashariki bado haijalifanya suala hilo kuwa la kisheria. Kitakachobaki mikononi mwa mwenye pikipiki ni breki, tairi na beringi, yaani yale yale yanayojificha. Umeme hautaliondoa swali la usalama wa abiria. Utaliacha peke yake, bila pa kujificha.

Dakika kumi kwenye steji

Suluhisho la karibu zaidi lipo tayari, nalo ni steji. Steji za bodaboda zina viongozi wao, wanaojua kila pikipiki na kila mwendeshaji. Ukaguzi wa dakika kumi mara moja kwa wiki, unaofanywa na mwenzako badala ya wewe mwenyewe, ungetosha kunasa hatari nyingi: nati ya breki imefika wapi kwenye uzi wake, tairi lina meno, gurudumu linacheza likitikiswa, usukani unageuka bila kukwama, taa ya nyuma inawaka. Mambo matano, bila kifaa chochote cha kununuliwa.

Hatua ya pili ni kuutambua ujuzi uliopo. Uganda tayari ina utaratibu wa kumpima fundi asiye na cheti cha shule na kumpa hati ya ujuzi. Tanzania hufanya jambo linalofanana kupitia VETA, inayorasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Fundi mmoja aliyepimwa katika kila kata, mwenye jukumu la breki na usukani tu, angewaachia wamiliki oili na plagi zao na kuchukua kile ambacho hakifai kubaki gizani.

Mwenye pikipiki wa Bwera anayeamka kabla ya jua ili akaze mnyororo hastahili kudharauliwa. Amejenga, bila msaada wa mtu, mfumo wa matengenezo ambao serikali haikuujenga. Anachokosa ni jicho la pili juu ya nati moja, kabla abiria wa kwanza wa asubuhi hajapanda.